Chora Kidogo, na Ujue Utakavyofuta: Kwilti ya Sampuli kwa Cherehani ya Kawaida

Chaki ya fundi ni ya bei nafuu na huchora vizuri. Kazi iko kwenye kuitoa. Kwilti ya sampuli, yaani tandiko la viraka vya miundo mbalimbali, inaweza kuunganishwa kwa ustadi, pembe zote zikakutana sawasawa, kisha ikaharibiwa na mistari ya njano iliyoganda juu ya kitenge. Ukiuliza, utaambiwa chaki ilikuwa mbaya. Pengine ilikuwa. Lakini mara nyingi mstari hugoma kwa sababu ulipigwa pasi, au ulilowanishwa kabla ya kupigwa brashi, au ulichorwa kwenye kitambaa ambacho hakikujaribiwa kwanza. Alama ichaguliwe kwa namna itakavyotoka, si kwa namna inavyoonekana. Na kwenye kwilti ya sampuli, alama zinazohitajika ni chache kuliko wengi wanavyodhani, maana mishono ya viraka yenyewe tayari ni mistari.

Kwilti ya sampuli ni ile ambayo kila kipande kina muundo wake: hapa viraka tisa, pale nyota ya Ohio, kando yake kibanda cha magogo, kisha bata wanaoruka, kisha sahani ya Dresden. Ndiyo kwilti ya kujifunzia, kwa sababu kila kipande kinafundisha jambo tofauti. Ugumu wake hauonekani wakati wa kuunganisha viraka. Unaonekana ukifika hatua ya kushikanisha matabaka matatu, yaani uso, wadingi ya kujazia katikati, na bitana, kwa kuwa vipande kumi na viwili vinakutaka uamue mara kumi na mbili mshono upite wapi.

Vipimo na vitambaa

Tuchukue ukubwa unaoweza kupita kwenye cherehani ya nyumbani: vipande 12 vya inchi 12, vimepangwa 3 kwa 4, mikanda ya inchi 2 kati yake na kuvizunguka, halafu pambizo la inchi 4 pande zote. Uso huo ni inchi 52 kwa 66. Bitana na wadingi vizidi uso kwa inchi 4 kila upande, kwa hiyo 60 kwa 74. Kitambaa cha upana wa inchi 45 hakifiki peke yake. Kata mapande mawili ya urefu wa inchi 60, ondoa kingo za kiwandani, uyaunganishe ubavu kwa ubavu. Mita 3 na robo zinatosha. Utepe wa kufungia kingo unahitaji mikanda 7 ya upana wa inchi 2 na nusu, na hiyo inatoka kwenye nusu mita. Mikanda 6 huonekana kutosha ukipiga hesabu kwa karatasi, lakini kila ungio la mshazari linakula inchi 2 na nusu, na mwisho wa utepe unataka ziada ya kufungia. Utakwama kwenye kona ya mwisho.

Kwa bitana, wanaoenda soko la Kibuye mjini Kisumu Jumapili wanajua kwamba shuka la mitumba la pamba lina upana wa kutosha bila kuungwa. Hakikisha ni pamba kweli. Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo dogo, uziwashe. Pamba huungua na kunuka karatasi iliyochomwa, na majivu yake ni laini. Ikiyeyuka na kuacha tone gumu, kuna poliesta ndani. Bitana ya poliesta huteleza chini ya mguu wa cherehani na kukusanya mikunjo usiyoiona mpaka umemaliza.

Wadingi hukatwa kwa mita kwenye maduka yanayouzia mafundi wa sofa. Chukua nyembamba, isiyozidi unene wa milimita 6 hivi kabla ya kubanwa. Ile nene ya mto wa sofa haipiti vizuri chini ya mguu, na ikipita inasukuma uso mbele hadi kipande cha mraba kinakuwa mshazari. Kwa Kisumu, ambako usiku hauna baridi ya kutisha, flaneli au blanketi jepesi la pamba linatosha kuwa tabaka la kati, na cherehani italipenda. Kwa Nakuru, Molo au Eldoret, wadingi ina haki yake.

Osha vitambaa vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya kina ugumu wa kiwandani, na chaki huteleza juu yake badala ya kushika, hivyo mtu hukandamiza zaidi, na mstari uliokandamizwa ndio unaokuja kugoma. Kuna imani kwamba chumvi au siki hufunga rangi ya kitenge isichuje. Haifungi. Rudia kuosha mpaka maji yabaki safi, halafu bana kitambaa chenye unyevu juu ya kitambaa cheupe kwa mkono. Kikiacha rangi, usikiweke kwenye kwilti moja na amerikani nyeupe.

Chaki ipi, kwa kitambaa kipi

Madukani kuna chaki za fundi za aina mbili ambazo zikiwa mezani zinafanana kabisa. Moja ni ya udongo, nyingine ni ya nta. Ya udongo ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga mkavu unaopeperuka ukipuliza. Ya nta inatoa vipande vinavyoshikana, na kidole kinabaki na utelezi. Kama bado huna uhakika, chora mstari kwenye karatasi ya kaki, uweke karatasi nyingine juu, upige pasi ya moto. Nta itaacha doa linalopitisha mwanga, sawa na mafuta ya mandazi kwenye mfuko wa kaki. Chaki ya nta ina kazi yake kwenye suti za sufu. Kwenye pamba, hasa pamba ya rangi moja, joto la pasi huizamisha na doa la mafuta hubaki. Usiiguse kwa kwilti.

Katika chaki ya udongo, nyeupe ndiyo ya kwanza kuijaribu. Nyekundu, buluu na njano zimetiwa rangi, na rangi hiyo ndiyo inayobaki baada ya unga kuondoka. Njano ni msumbufu zaidi kwa sababu inavutia: inaonekana vizuri kwenye vitambaa vya giza na vya mwanga, basi watu huitumia kila mahali. Chaki ya ubaoni nyeupe inaweza kutumika kwenye pambizo, ingawa mstari wake ni mnene na husagika mapema. Ya rangi iache darasani.

Kwa kitenge cha giza, kifaa kizuri kuliko vyote ni kipande cha sabuni nyeupe ya kuogea iliyokwisha, ile inayobaki nyembamba ambayo mtu angeitupa. Ianike siku mbili ikauke kabisa, kisha chonga ukingo kwa kisu hadi uwe mkali. Mstari wake ni mwembamba, haupeperuki cherehani ikitikisika, na maji huuondoa kwa sababu ni sabuni. Chagua isiyo na rangi na isiyo na krimu ya kulainisha ngozi, maana krimu ni mafuta.

Kwa amerikani na vitambaa vingine vyepesi, mstari bora ni ule usio na kitu cha kufuta. Weka kitambaa juu ya kadibodi, shika rula, na ukandamize kwa mgongo wa kisu cha siagi ukivuta kuelekea kwako. Kinabaki kikunjo kinachong'aa kidogo, na unakiona vizuri mwanga ukitoka pembeni. Kwa mistari iliyonyooka unaweza pia kubandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi na kushona kando yake. Ing'oe siku hiyohiyo. Ukiiacha kwenye chumba cha mabati mchana wa Kisumu, gundi hulainika, huingia ndani ya nyuzi, na sasa una doa baya kuliko la chaki.

Kalamu zinazofutika nazo zina masharti. Ya zambarau hupotea yenyewe hewani, na hewa yenye unyevu huiharakisha. Ukichora kipande asubuhi karibu na ziwa, usishangae jioni hakuna kitu. Ya buluu huondoka kwa maji baridi mengi, lakini pasi au sabuni ya unga ikiitangulia inaweza kugeuka kahawia na kukaa humo milele. Ile inayofutika kwa joto la pasi hurudi ikipata baridi kali kama ya friza, na kwenye vitambaa vya giza mara nyingi huacha kivuli cheupe. Biro hapana. Sindano huvuta wino wake hadi kwenye wadingi.

Jaribio ni hili, na lisirukwe. Chukua mabaki ya kila kitambaa kilichomo kwenye kwilti, yaunge yawe kitu cha inchi 10 kwa 10, weka wadingi na bitana ileile. Chora kwa kila alama unayokusudia. Kisha shona juu ya mistari hiyo kwa uzi utakaoutumia. Wengi huchora na kufuta bila kushona, na hapo jaribio halijakueleza chochote, kwa kuwa sindano ndiyo inayosukuma unga chini, na uzi mweupe unaopita kwenye chaki ya buluu hutoka na ubuluu. Acha kipande hicho muda uleule utakaotumia kwenye kwilti, tuseme wiki mbili, kisha kipige brashi, kioshe, kianike, ukitazame dirishani. Kinachobaki hapo ndicho kitakachobaki kwenye kwilti.

Stachi husaidia sana na haitajwi vya kutosha. Koroga kijiko kimoja cha mezani cha unga laini wa muhogo au wa wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, ongeza maji hadi nusu lita, chemsha ukikoroga hadi yawe maangavu, yaache yapoe, nyunyiza uso wa kwilti na upige pasi kabla ya kuchora. Chaki sasa inakaa juu ya stachi badala ya kuingia kati ya nyuzi, na siku ya kuosha vinaondoka pamoja. Usiweke kwilti yenye stachi kabatini kwa miezi, kwa sababu wadudu huila.

Bandi kwanza

Tandika bitana sakafuni, upande wa nyuma ukitazama juu, uishike kwa tepu kingo zote. Iwe imenyooka, isiwe imevutwa; iliyovutwa hurudi nyuma ukitoa tepu na kukunja kila kitu. Weka wadingi, kisha uso, ukilainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Pini za nepi zikae kila upana wa ngumi, ambao ni inchi 3 hadi 4. Kwa kwilti hii ni pini kama 200. Kama huna pini zote hizo, piga bandi, yaani mishono ya muda, kwa mkono, mistari ya inchi 4 kutoka mmoja hadi mwingine, mishono ya inchi moja, uzi mweupe. Uzi wa rangi unaweza kuacha vumbi la rangi kwenye tundu la sindano.

Usichore uso wote wakati huu. Kwilti itakunjwa, itazungushwa na kuburutwa mezani, na chaki itahamia kipande cha jirani huku ikifutika pale inapohitajika. Chora kipande kimoja, kishone, halafu chora kinachofuata.

Kuiandaa cherehani

Zile cherehani nyeusi za kukanyaga, Singer na Butterfly, zilizo kwenye veranda za mafundi kuanzia Nakuru hadi Busia, zinaiweza kazi hii. Kukanyaga kunaiacha mikono yote miwili iongoze kitambaa, na mguu unatawala mwendo vizuri kuliko pedali nyingi za umeme. Ya kuzungusha kwa mkono inafaa mistari iliyonyooka tu. Za kiwandani zenye mota zina kasi mno kwa mshono huru, yaani ule unaozungusha kitambaa kwa mikono, na nyingi hazina njia nyepesi ya kushusha meno yanayosukuma kitambaa.

Sindano iwe namba 14 kwa uzi wa poliesta wa 40/2 unaouzwa kila mahali. Uzi ukichanika mara kwa mara, panda hadi 16. Badilisha sindano ukianza kusikia mlio wa kugonga kila inapotoboa. Huo ni mlio wa ncha iliyopinda. Kwa mistari iliyonyooka, weka urefu wa mshono milimita 2.5 hadi 3, na kama unao mguu wa kutembea, ule unaovuta tabaka la juu sambamba na la chini, ufunge. Usipokuwa nao, legeza kidogo skrubu ya shinikizo la mguu, ongeza pini, na ushone polepole. Kwa mshono huru, meno yashuke. Cherehani kadhaa zina skrubu au kitufe cha kuyashusha; kwa isiyo nacho, funika meno kwa kipande cha plastiki chenye tundu la sindano, ukibandike, na uweke urefu wa mshono 0. Funga mguu wa kudarizi. Kumbuka kushusha kishikio cha mguu hata kama mguu unaelea, kwa sababu bila hivyo uzi wa juu hauna mkazo na utapata fundo kubwa chini.

Jaribu kwenye kile kipande cha majaribio. Vitone vya uzi wa bobini vikitokea juu, uzi wa juu umekazwa mno. Vijitanzi vikitokea chini, hasa kwenye mizingo, ama uzi wa juu umelegea ama mkono unakimbia kuliko mguu. Kwenye mizingo watu huongeza kasi ya mkono bila kujua. Punguza mkono, ongeza kanyagio, na vijitanzi vingi vitaisha bila kugusa skrubu yoyote.

Kila unapobadilisha bobini, toa manyoya yaliyojaa chini ya meno. Ukitia mafuta, tia tone moja, kisha shona kitambaa cha taka mpaka mshono utoke msafi. Mafuta ya cherehani yakikutana na chaki huwa tope la kijivu, na hilo halitoki kwa brashi.

Meza iwe na nafasi upande wa kushoto na nyuma ili kwilti isining'inie. Uzito unaoning'inia huvuta sindano, huipinda, na kufupisha mishono pasipo sababu unayoiona. Nafasi iliyo kati ya sindano na shingo ya cherehani hizi ni inchi 7 hivi, kwa hiyo kunja upande wa kulia kwa nguvu uwe bomba jembamba, na anza katikati. Shona kwanza ndani ya mfereji wa mshono, pale vitambaa viwili vinapoungana, kwenye mikanda yote: mistari mirefu, kuanzia wa kati kwenda nje, halafu ya upana. Hapo vipande vyote vimefungiwa na unaweza kutoa pini kidogo kidogo unapoingia ndani.

Kipande kwa kipande

Ujazo wa mishono uwe sawa kwenye kwilti nzima. Kipande kilichoshonwa kila nusu inchi hunywea, na jirani yake mwenye mistari miwili huvimba. Kwilti ikilala sakafuni inakuwa na mawimbi, na hakuna pasi itakayoyatoa. Amua mapema: hakuna eneo tupu linalozidi ngumi, na hakuna eneo lenye mishono ya karibu sana ikiwa mengine hayana.

Viraka tisa havihitaji chaki hata kidogo. Pita mshazari kutoka kona hadi kona ya kila mraba, jicho likiwa kwenye kona unayoiendea na si kwenye sindano. Ukitaka mizingo badala ya mistari, kila ubavu wa mraba wa inchi 4 upate upinde unaoingia nusu inchi, na mfuniko wa sufuria utakusaidia kuchora wa kwanza tu. Baada ya huo mkono unakumbuka.

Nyota ya Ohio ina pembetatu nyingi. Shona robo inchi ndani ya kila moja ukitumia ukingo wa mguu wa cherehani kuwa kipimo. Pima mguu wako kwanza. Miguu haifanani, na tofauti ndogo hujirudia mara kumi na sita kwenye kipande kimoja. Kibanda cha magogo nacho ni cha ukingo wa mguu: anzia mraba wa kati, zunguka ukienda nje bila kukata uzi. Bata wanaoruka, ambao ni pembetatu zilizopangwa kwa mstari, washone kwa mstari mmoja wa kupanda na kushuka kwenye mabega yao, urudi upande wa pili.

Sahani ya Dresden ndiyo inayotaka muda. Petali zimebandikwa juu ya kitambaa cha nyuma, kwa hiyo kuna miinuko, na pale katikati zinapokutana unene ni wa tabaka nyingi. Hapo zungusha gurudumu kwa mkono, sindano isije ikavunjika. Anza kwa kushona nje ya petali, sehemu ya nane ya inchi kutoka ukingoni, ukizifuata zote mzunguko mzima, hilo huziinua. Kisha pita kwenye mishono kati ya petali. Zinabaki pembe nne tupu za kitambaa cha nyuma, na hapa ndipo chaki ina kazi halali. Funga uzi kwenye pini iliyochomwa katikati ya sahani, shika kipande cha chaki mwisho wa uzi, na uchore tao kila inchi moja kuelekea kona. Chora kwa mkono mwepesi. Ukisimama wima na bado unauona mstari, umekandamiza zaidi ya unavyohitaji. Unatakiwa kuuona ukiwa umeinama kwenye cherehani, basi.

Kipande chenye eneo kubwa tupu, mathalani nyayo ya dubu, kinafaa miraba ya mshazari. Hata huko hutachora gridi nzima. Chora mstari mmoja wa pembe ya nyuzi 45 kila upande, funga fimbo ya kuongozea kwenye mguu wa cherehani kwa umbali wa inchi moja, na kila mshono utauongoza ufuatao. Mistari miwili ya kufuta badala ya ishirini.

Pambizo ndilo linalohesabiwa. Ukitaka muundo wa kamba iliyosukwa, ukate kwenye plastiki ngumu au kadi, na uanze kuupanga kutoka kona kwenda katikati, si kinyume chake. Urefu wa ndani wa pambizo letu ni inchi 44 na 58. Muundo wa inchi 4 unaingia mara 11 kwenye 44 kamili. Kwenye 58 unaingia mara 14 na nusu, kwa hiyo urefushe uwe inchi 4 na sehemu ya nane, ukae mara 14, na robo inchi inayobaki isambaze katikati. Hakuna jicho litakaloiona. Kupitisha muundo, saga chaki nyeupe, ufunge kwenye soksi kuukuu, na uigongegonge juu ya matundu ya plastiki. Unga huu hauvumilii kuguswa. Uunganishe kwa mstari mwembamba wa sabuni kabla ya kushona, au ushone papo hapo.

Jambo la jasho. Mchana wa Kisumu mikono hulowa, na mkono wenye unyevu unaopita juu ya chaki huigeuza kuwa tope na kuisugua ndani. Weka taulo kavu kando, na vipande vyenye chaki nyingi vishone asubuhi. Nakuru tatizo ni vumbi la kiangazi: likitua juu ya mstari wa sabuni linashika. Funika kwilti kila unapoinuka.

Kuitoa

Utaratibu wa kuitoa chaki unakwenda kwa mpangilio mmoja: kukavu, baridi, sabuni, na joto mwisho kabisa. Wanaopata shida ni wale walioanza na maji au pasi.

Ukimaliza kipande, kabla hujachora kingine, chukua mswaki laini usiotumika na upige mstari kwa mwelekeo wa mshono, si kwa kuukatiza. Ukiukatiza unasukuma unga chini ya uzi. Kisha geuza kwilti na uigonge kwa kiganja kutoka nyuma. Utaona unga mweupe ukianguka mezani. Kinachobaki kifute kwa kipande kikavu cha wadingi au ndani ya mkate mweupe, uliofinyangwa kuwa tonge, ukikandamiza na kuinua. Hadi hapo chaki nyeupe ya udongo nyingi itakuwa imeondoka.

Sababu ya kutoanza na maji ni kwamba unga ukilowa huwa uji, uji huteremka kati ya nyuzi hadi kwenye wadingi, na ukikauka umeshafika mahali ambapo brashi haifiki. Na sababu ya kuikwepa pasi ni nta na rangi: joto huyeyusha ya kwanza na kuikaza ya pili.

Mistari iliyobaki ilowanishe kwa maji baridi na tone la sabuni ya maji ya vyombo isiyo na rangi. Iache dakika 15, isugue kwa ncha za vidole, suuza. Kama ni mstari wa nta uliopigwa pasi bila kujua, tanguliza karatasi ya kaki chini na juu, pasi ya vuguvugu, ukibadilisha karatasi kila inapoonyesha mafuta; halafu sabuni ya vyombo. Angalia wadingi ya poliesta, maana pasi ya moto sana huiyeyusha ikabaki ngumu. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji husaidia tu ikiwa chaki ni ya chokaa. Dondoshea tone moja la siki juu ya chaki yenyewe: ikitoa povu, siki itafanya kazi, ikikaa kimya, usijisumbue. Jik usiiguse. Itaitoa chaki pengine, na itaondoka na rangi ya kitenge.

Mstari wa kalamu ya buluu hautaki kupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Ukiupangusa unashuka kwenye wadingi, na kwilti ikikauka unapanda tena juu. Zamisha eneo zima, au kwilti nzima, kwenye maji baridi bila sabuni, uibadilishie maji mpaka usione ubuluu, na hapo tu ndipo sabuni iingie.

Kuosha kwenyewe kufanyike baada ya utepe kushonwa, kwa sababu kingo tupu huchanika nyuzi. Karai kubwa, maji baridi, sabuni kidogo iliyoyeyushwa kwanza. Ikandamize kwa viganja au ikanyage kwa miguu misafi; usiikamue kwa kuisokota, utavunja mishono. Suuza mpaka maji yasiwe na utelezi, maana sabuni iliyobaki itanasa vumbi palepale chaki ilipokuwa. Iviringishe kwenye taulo unyonye maji, kisha uitandaze juu ya kamba mbili au tatu zilizo sambamba, upande wa bitana ukitazama jua. Kisumu na Kakamega mvua hupenda kuja mchana, kwa hiyo iwe kwenye kamba kabla ya saa tatu asubuhi. Kwilti iliyolowa usiku kucha huanza kunuka uvundo, na wadingi huhama.

Ikikauka, iweke karibu na dirisha ukiitazama kwa pembeni, kipande baada ya kipande. Ukiona mstari, pasi ibaki chini. Rudia sabuni ya vyombo mahali hapo peke yake, suuza eneo pana kuliko doa ili lisiache duara la maji, na uianike tena. Chaki nyeupe karibu kila mara huisha kwenye mzunguko wa pili. Ya rangi ikipita mizunguko mitatu imeshakuwa rangi ya kitambaa. Hapo shona juu yake mshono wa pili kwa uzi unaokaribiana na rangi hiyo, sambamba na ule wa kwanza, na urudie vivyo hivyo kwenye vipande vingine viwili au vitatu ili ukae kama sehemu ya muundo.